“Ni Fumbo” Lisiwe Jibu la Haraka

Muumini akituuliza swali gumu, sisi mafrateri hukimbilia kusema, “Hilo ni fumbo.” Mara nyingi, naona mimi, maana yake ni kwamba hatujasoma.

Chukueni ule mkunjo wa takwimu wenye umbo la kengele. Ukitafuta intigrali yake, yaani fomula ya eneo lililo chini yake, hupati. Joseph Liouville, mwanahisabati wa Ufaransa, hakuishia kusema imemshinda. Miaka ya 1830 alithibitisha kwamba fomula ya vipeo, vipeuo, logi, sine na kosine haitapatikana kamwe. Na bado eneo lenyewe lipo. Katika umbo lake rahisi kabisa, mkunjo mzima una eneo la kipeuo cha pili cha pai, kama 1.77. (Wanafunzi husema “haina jibu.” Jibu lipo, kilichopungua ni lugha ya kuliandika.)

Utatu Mtakatifu ni fumbo kweli, na Kanisa lilitaabika mitaguso kadhaa kabla ya kulinena. Lakini mama aliyefiwa na kichanga kabla ya ubatizo anapotuuliza mtoto wake yuko wapi, tunamwambia “fumbo” na kuondoka, wakati Katekisimu, namba 1261, inazungumza naye waziwazi juu ya huruma ya Mungu.