Muuguzi mwanafunzi naye hulia

Kijana wa miaka 20 anayesomea uuguzi anaweza kumwona mgonjwa wake akikata roho alfajiri, akasaidia kuandaa maiti, na mchana akaingia kwenye mtihani. Akitokwa machozi wodini huambiwa, “Jikaze, utazoea.”

Sikubaliani na neno hilo. Anayezoea kwa kuufunga moyo, siku moja humjibu mgonjwa kwa ukali, nasi tunasema hana wito. Kutawala hisia si kuzikana. Bwana wetu alimlilia Lazaro, ingawa alikwenda kumfufua.

Mtazame pia Eliya chini ya mretemu (1 Wafalme 19), amechoka hata anaomba kufa. Malaika hamkemei. Anampa mkate na maji, anamwacha alale tena, kisha anamlisha mara ya pili. Sisi mapadre tungeanza na mahubiri!

Basi mwanao akirudi kutoka zamu ya usiku, usianze na habari za ada wala matokeo. Mpe chakula, alale. Akiamka, muulize alimhudumia nani, umsikilize, hata akinyamaza katikati. Nanyi wakufunzi, dakika 10 za kuzungumza na wanafunzi baada ya kifo wodini hazitavuruga ratiba.