Upinde Ukigeuka Ngoma

SIKIO LA IJUMAA
Na Salma Khamis

Novemba 30, 1949, mwanajazi Charlie Parker aliingia studio na fidla tatu, vayola, chelo na kinubi. Saksafoni yake ilipaa, fidla zikamtandikia zulia. Naipenda mno rekodi ile. Lakini kwa miaka mingi wanajazi waliendelea kuzitumia nyuzi hivyo hivyo, kulainisha wimbo, na mdundo wakauacha kwa ngoma na besi.

Mabadiliko yalitoka kwa watu wa bluegrass, muziki wa kijadi wa Marekani. Miaka ya 1960 mpiga fidla Richard Greene alianza kuuangusha upinde juu ya nyuzi badala ya kuuvuta. Nywele za upinde zinatua karibu kabisa na pale mkono unaposhika, zinang'ang'ania uzi, na sauti inatoka kavu: kwach! Upinde ukiinuliwa, unatoa sauti nyingine. Darol Anger alijifunza kwake, akaja na mtindo huo Turtle Island String Quartet, kundi lililoanzishwa na David Balakrishnan mwaka 1985. Fidla mbili, vayola, chelo. Ngoma hakuna.

Mwaka 2007 kundi hilo lilitoa albamu ya kumuenzi mpiga saksafoni John Coltrane, ikatwaa tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Ndani yake imo "A Love Supreme", ambayo Coltrane aliirekodi Desemba 1964, Elvin Jones akipiga ngoma kama mwenye mikono minne. Nani angethubutu kuipiga bila Jones? Hawa wamethubutu, wakaigawana kazi yake: huyu anakata mapigo kwa upinde, yule anadonoa kwa vidole, mwingine anabeba wimbo, kisha wanapokezana. Mdundo unahama mkono hadi mkono na hauanguki. Kwangu huo ni ufundi mkubwa kuliko kasi yoyote ya vidole.

Katika taarabu yetu fidla hufuata wimbo, mapigo ni ya dumbaki na rika. Siombi dumbaki inyamaze. Naomba walimu wa fidla Unguja, Mombasa na Dar es Salaam wawafundishe vijana upinde huu wa kupiga. Sikio tunalo tayari: aliyeumudu mdundo wa samai wenye mapigo 10 hatapotea kwenye mapigo 7 ya jazi. Mwanafunzi aanze polepole, kwenye uzi mnene, pigo la pili na la nne, mpaka mwenzake aweze kuimba juu yake.