Usinipe Moyo, Nipe Sababu

Kuna ushauri ambao umenichosha kabisa. Kila mwanablogu anaposema amechoka na anafikiria kufunga duka, watu humjia mbio na maneno matamu. "Usikate tamaa!" "Jipe moyo!" "Andika kila siku, wasomaji watakuja tu!" Wiki mbili baadaye blogu ile ile imelala fofofo, na makala ya mwisho ndiyo ile iliyotangaza kwamba mwenyewe amerudi kwa kishindo.

Leo nitasema jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi yenu. Moyo si dawa ya ugonjwa huu. Moyo unapewa na watu, na watu hao hao wakinyamaza, unakwisha. Anayeandika kwa sababu amepewa moyo ataacha, iwe leo au mwezi ujao. Anayebaki ni yule mwenye sababu.

Tuanze na muuaji mkuu wa blogu, yaani kaunta. Mtu anaandika makala usiku kucha, asubuhi anafungua takwimu anaona wageni kumi na wawili, anavunjika. Mimi kazi yangu ni kuunda programu, na kusoma kumbukumbu za seva ni sehemu ya mkate wangu wa kila siku. Basi nawaambia: namba hizo si za kukuliza wala za kukuchekesha. Wengi kati ya wanaoitwa wageni si watu hata kidogo. Ni roboti za injini za kutafuta, roboti za wanaotafuta mianya ya kuvunja tovuti, na siku hizi roboti zinazozoa maandishi ya kufundishia mashine. Wakati huo huo, wasomaji wa kweli wanapita bila kuonekana. Kaunta nyingi hutegemea JavaScript, kwa hiyo aliyeizima hahesabiwi. Anayesoma makala nzima kupitia mlisho wa RSS hahesabiwi. Mwalimu aliyenakili aya tatu akazituma kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi wake, wakasoma arobaini, amehesabiwa mara moja tu, naye huenda aliingia na kutoka kwa dakika moja.

Kwa hiyo chombo hicho kinahesabu wasiokuwapo na kuwaruka waliopo. Halafu wewe ndicho unachotaka kikuamulie kama uendelee kuandika au uache? Ukimkuta fundi anapima mbao kwa mpira wa kuvutika, si utamcheka?

Tena hata kama namba zingekuwa za kweli, bado zingekuharibu. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nimewaona waandishi wazuri wakiharibika hivi. Makala moja inavuma, basi kuanzia siku hiyo kila kichwa cha habari ni cha kushtua, kila simu mpya ni "balaa", kila programu ni "mwisho wa yote". Maji matupu. Na sifa zikipungua hawana tena la kusema, kwa sababu walishasahau walichokuwa wanasema mwanzo.

Sasa mtaniuliza, hiyo sababu ni ipi? Nitatoa mfano wa hapa kwetu.

Uchaguzi wa Desemba 2007 ulipoharibika, tarehe 30 mwezi huo serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Watu wakawa wanatuma habari kwa Ory Okolloh, aliyekuwa akiandika blogu ya Kenyan Pundit. Tarehe 3 Januari 2008 aliuliza pale pale kwenye blogu kama kuna mafundi wa kompyuta wanaoweza kutengeneza ramani ya kuonyesha ghasia zinatokea wapi. Wakaitikia Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, na katika siku chache tu Ushahidi ikawa hewani. Miaka miwili baadaye, tetemeko lilipoipiga Haiti mwaka 2010, programu hiyo iliyozaliwa Kenya ilitumika huko pia.

Kila mtu huisimulia hadithi hii kama hadithi ya programu. Mimi naiona kama hadithi ya watu ambao hawakuacha kuandika. Hersman alikuwa na blogu yake, White African. Rotich alikuwa na Afromusing. Kobia alikuwa akiendesha Mashada, uwanja wa mazungumzo wa Wakenya. Walijuana kwa maandishi kabla ya kujuana kwa kazi. Na wananchi walituma habari kwa Okolloh kwa sababu tayari walimwamini. Imani haijengwi siku nyumba inaungua! Ilijengwa na makala za miaka ya nyuma, zile za Jumanne isiyo na habari, ambazo pengine zilipata wasomaji wachache na maoni mawili. Kama wangekuwa wanaiuliza kaunta, wangefunga mapema, na Januari ile ingewakuta hawapo.

Lakini tazameni jambo moja. Jina la programu ni neno letu, ila mazungumzo yaliyoizaa yalikuwa kwa Kiingereza zaidi. Hapo ndipo ninapofikia ugomvi wangu wa pili, na wale wanaosema, "Bwana, wewe andika Kiingereza, Kiswahili hakina soko la teknolojia."

Mimi sikuja sokoni. Kiingereza kina maelfu ya watu wanaoeleza hifadhidata ni nini. Nikiacha, hakuna atakayejua. Kwa Kiswahili hesabu ni nyingine kabisa. Kijana wa Voi au wa Bungoma anayeuliza swali hilo kwa lugha aliyoizoea atapata kurasa chache, na mmoja wetu akifuta yake, pengo linaonekana kwa macho. Pale penye waandishi wachache, kila mmoja ana uzito. Hiyo ni sababu, na haihitaji makofi.

Tena lugha yenyewe inajengwa hivyo. Tuliposoma shuleni tuliambiwa "tarakilishi", wengine wakasema "ngamizi", na mitaani watu wakaendelea na "kompyuta". Hakuna kamati iliyotuamulia. Lakini tazama neno "pakua". Zamani ulipakua wali kutoka chunguni au shehena kutoka jahazini. Leo unapakua programu, na hata simu yako inakuambia hivyo. "Kivinjari" nalo, kutoka kuvinjari, kutembea huku na huku ukitazama. Maneno haya hayakukaa kwa kuwa yalichapishwa kwenye orodha. Yalikaa kwa sababu watu waliyatumia tena na tena, wakiwemo wanablogu kama Ndesanjo Macha wa Tanzania, aliyeandika Jikomboe miaka ile ya 2000 wakati wengi hawakuamini kwamba intaneti inaweza kuongea Kiswahili. Kila makala ni kura kuhusu msamiati wa kesho. Ukiacha, umesusia uchaguzi.

Sasa nisieleweke vibaya. Wapo waliofunga blogu si kwa kukosa wasomaji bali kwa kubanwa. Mwaka 2018 Tanzania ilileta kanuni za maudhui mtandaoni zilizomtaka mwanablogu awe na leseni. Ada ya maombi, ada ya kuanza na ada ya mwaka zikijumlishwa zilipita shilingi milioni mbili za huko. Mtu aliyezimwa kwa namna hiyo usimwambie habari ya kujipa moyo. Huyo anahitaji sheria bora. Na yupo mwenye watoto wadogo, au mwenye kazi mbili. Huyo apumzike, hana deni na yeyote. Kupumzika si kuacha.

Ila kuna kosa moja ambalo silisamehi kirahisi, nalo ni kufuta. Kuacha kuandika ni haki yako. Kufuta ulichokwisha kuandika ni kung'oa ngazi wakati wengine bado wanapanda. Vivyo hivyo kuacha jina la tovuti lipite muda, linunuliwe na watu wa kamari, na viungo vyote vilivyokuelekea vimpeleke mwanafunzi kwenye mashine za bahati nasibu.

Basi mimi nafanya nini? Machache tu. Kaunta niliiondoa. Naandika kile nilichotatua kazini wiki hiyo, wakati bado nakumbuka kiliniumiza wapi. Msomaji wa kwanza ni mimi mwenyewe mwakani nitakapokuwa nimesahau, na huyo hajawahi kukosa kuja. Naahidi makala moja kwa mwezi, ijapokuwa ninaweza nne, kwa sababu ahadi ndogo inayotimizwa ni bora kuliko kubwa inayokuaibisha. Na maandishi yangu yote yako kwenye faili za kawaida ndani ya kompyuta yangu na nakala mahali pengine. GeoCities ilipofungwa mwaka 2009, kurasa chungu nzima zilikwenda na maji, na wenyewe hawakuulizwa.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayetaka kufunga, sitakupigia makofi. Nakuuliza swali moja tu. Ukiacha leo, ni swali gani la msomaji wa Kiswahili litakalobaki bila jibu? Ukilipata, umeipata sababu yako. Keti uandike, hata kama ni aya mbili. Ukilikosa, acha kwa amani bila kuona haya, na utuachie kurasa zako zikiwa wazi. Sisi wengine tutaendelea kupakua humo.