Liferea Yangu na Mlisho Uliokufa Kimyakimya

Mwezi wa pili binamu yangu alinipigia simu. "Uliomba ile pesa ya vijana wanaotengeneza video, ama ulisahau?" Nikamuuliza, "Pesa gani?" Akanyamaza kidogo, halafu akacheka kile kicheko cha kumwonea mtu huruma. Maombi yalikuwa yamefungwa siku nne zilizopita.

Kinachoniuma ni kwamba tovuti iliyotangaza hiyo pesa mimi naifuata. Na simaanishi kuifuata kwa kupitapita Facebook nikitumaini itatokea. Iko kwenye kisomaji changu cha milisho, ndani ya folda niliyoiita "Pesa", na kila asubuhi kisomaji kinaenda kubisha hodi pale kuuliza kama kuna jipya. Kwa miezi mitano kilikuwa kinarudi na jibu lilelile: hakuna.

Kisomaji chenyewe ni Liferea. Wanaonifuata tangu zamani wanajua, nimewachosha na hii stori. Kwa mliofika leo, niseme haraka. Tovuti nyingi, hasa zile zilizojengwa kwa WordPress, zina faili moja ambayo msomaji wa kawaida haioni. Mara nyingi ukiongeza neno feed mwishoni mwa anwani unaikuta. Ndani yake kuna vichwa vya habari, tarehe, muhtasari na viungo, basi. Hiyo ndiyo mlisho. Unampa kisomaji anwani za milisho unayoipenda, chenyewe kinazunguka kuzikusanya na kukupangia kwa tarehe. Hata chaneli za YouTube zina milisho. Ni teknolojia ya kizee: RSS ya kwanza ilitoka Netscape mwaka wa 1999, na Liferea yenyewe ilianza 2003, mimi nikiwa bado nanyonya.

Naipenda kwa sababu moja kubwa. Hakuna mtu katikati. Nikiamua kufuata BBC Swahili, mwanablogu mmoja wa ufugaji wa kuku, na jamaa anayeandika kuhusu reli za zamani za Afrika Mashariki, nitapata wote watatu, kwa mpangilio wa saa walizochapisha. Hakuna algoriti ya kuniambia kwamba jamaa wa reli hana mvuto leo. Pia iko ndani ya laptopu yangu. Google Reader ilipofungwa tarehe 1 Julai 2013 nilikuwa darasa la nne, lakini nimesoma vilio vya waliokuwa wakiitumia, na nimejifunza: kitu kilicho kwenye mashine yako hakifungwi kwa tangazo la kampuni.

Sasa turudi kwa huyo mlisho wangu. Baada ya simu ya binamu nilikaa chini nikachunguza. Nilidhani nitakuta alama ya kosa, kwa sababu Liferea ikishindwa kufikia mlisho huuwekea alama kwenye orodha. Hakukuwa na alama. Nikafungua anwani ile kwa kivinjari, faili ikafunguka vizuri tu, habari ya mwisho ikiwa ya Septemba. Hapo ndipo nikaelewa. Wenye tovuti walijenga tovuti mpya, wakauweka mlisho mpya kwenye anwani nyingine, na ile faili ya zamani wakaiacha palepale kama kibanda kilichohamwa lakini taa inawaka.

Ona jinsi mambo yanavyokwenda. Kisomaji kizuri hakichoti faili nzima kila mara. Kinauliza seva, "Imebadilika tangu nilipoichukua mara ya mwisho?" Kama haijabadilika, seva inajibu kwa namba 304, yaani hakuna jipya, na haitumi faili. Ni adabu nzuri, inaokoa data ya kila mtu. Lakini faili iliyoachwa haibadiliki milele. Kwa hiyo kila asubuhi Liferea iliuliza vizuri, seva ikajibu kwa ukweli, na mimi nikakosa pesa. Kama wangeifuta ile faili, ningeona kosa. Kama wangeweka maelekezo ya kuhamia anwani mpya, kisomaji kingefuata. Hawakufanya lolote kati ya hayo mawili. Na mimi pia, tuseme ukweli, miezi mitano sikuwahi kujiuliza mbona "Pesa" imenyamaza. Ukiwa na milisho 143, ukimya wa mmoja hausikiki.

Ndiyo maana ombi langu la kwanza, na kama nitapewa moja tu basi ni hili, ni kisomaji kinachosikia ukimya.

Sitaki kitu kikubwa. Nataka ukurasa mmoja unaoorodhesha milisho yangu kwa tarehe ya habari ya mwisho, iliyonyamaza zaidi ikiwa juu. Taarifa zote tayari ziko. Liferea huhifadhi habari kwenye hifadhidata ya SQLite, kwa hiyo jioni ile, kwa hasira, niliifungua na kupanga tarehe mwenyewe. Katika ile milisho 143, 31 haikuwa imeleta kitu kwa mwaka mzima. Thelathini na moja! Nilikuwa najiona mtu wa habari, kumbe nafuga makaburi. Sita kati ya hiyo niliifufua palepale, kwa sababu tovuti zilikuwa hai, anwani ya mlisho tu ndiyo iliyobadilika.

Najua mtakaloniuliza. Je, yule anayeandika mara moja kwa mwaka? Jamaa wangu wa reli ni wa hivyo, na makala yake moja inashinda mia za wengine. Kumweka kwenye orodha ya marehemu ni dharau. Kwa hiyo kipimo kisiwe siku 60 kwa kila mtu. Kila mlisho ulinganishwe na mwendo wake wenyewe. Aliyekuwa analeta habari tatu kwa wiki akinyamaza wiki sita, niambie. Anayeleta moja kwa mwaka, mwache apumue. Hesabu hiyo ni ya kugawanya tu, haihitaji akili bandia ya aina yoyote.

Jambo la pili ni data, na hapa naomba wenzangu wenye waya wa intaneti nyumbani mnivumilie. Mimi natumia hotspoti ya simu. Si kila seva ina ile adabu ya 304. Zipo zinazotuma faili nzima kila ukiuliza, hata kama hakuna herufi iliyobadilika. Piga hesabu: mlisho unaobeba makala nzima unaweza kufika kilobaiti 400. Ukiulizwa kila nusu saa, ni mara 48 kwa siku, yaani karibu megabaiti 19. Ukiwa na kumi ya namna hiyo, megabaiti 190 zimeenda na hujatazama hata video moja. Liferea inakuruhusu kuweka muda wa kuulizia kwa kila mlisho, na ile mizito nimeiweka mara mbili kwa siku. Shida ni kuijua mizito ni ipi. Niliigundua kwa kubahatisha, nikifungua faili mojamoja na kuangalia ukubwa. Ningependa safu moja ndogo kando ya jina la mlisho: umekula kiasi gani wiki hii. Bando linaisha saa tano asubuhi na hujui nani kalila, ni kama nyumba ya wapangaji wanaochangia tokeni ya stima, kila mtu anasema si yeye.

Na laptopu yenyewe ina dalili za kujua. Ukiwa kwenye Linux na umeunganisha hotspoti ya Android, mfumo mara nyingi hutambua kwamba huo mtandao ni wa kupimwa. Basi kisomaji kiulize mfumo kabla ya kuchota, kisha kiniachie uamuzi. Nikiwa maktaba kwenye Wi-Fi ya bure, chota kila kitu. Nikiwa kwa hotspoti, leta vichwa tu.

Hilo la "chota kila kitu" lina historia kwangu. Tarehe 25 Juni 2024, siku ya maandamano ya Mswada wa Fedha, intaneti ilidorora nchini. Mnakumbuka. Ujumbe haufiki, video hazifunguki, na wakati huo ndio kila mtu anataka kujua kinachoendelea na ndugu zake wako wapi. Nikafungua Liferea nikijua nina habari za asubuhi zimehifadhiwa. Zilikuwepo, ndiyo, lakini tovuti nyingi siku hizi hutoa sentensi mbili kwenye mlisho halafu zinakuambia ubonyeze kiungo usome zaidi. Kiungo bila intaneti ni mapambo. Nilikaa na vichwa arobaini na visentensi vyake, kama mtu aliyepewa menyu hotelini na jikoni kumefungwa.

Dawa ipo, na nilijilaumu. Kwenye sifa za kila mlisho kuna mahali pa kuchagua kwamba Liferea ijaribu kutoa makala nzima kutoka ukurasa wenyewe. Sikuwa nimechagua, kwa sababu ni kazi ya mlisho mmojammoja, na ukiwa na 143 unasema utafanya kesho. Sasa nimefanya kwa ishirini muhimu. Ombi langu: niweze kuchagua kwa folda nzima mara moja. Folda ya "Kenya" yote ichotwe makala nzima nikiwa maktaba, ile ya "Vichekesho" iendelee na sentensi mbili.

Mengine ni madogo nitayapitia tu. Maandishi yawe makubwa kidogo tangu mwanzo, macho yetu yameshaharibiwa na simu. Na habari moja ikichapishwa na magazeti matano, ningependa kuziona zimekaa pamoja, lakini bila kufichwa, maana mara nyingi stori iko kwenye tofauti za hao watano. Mmoja anasema waliojeruhiwa ni watatu, mwingine saba. Video zangu zilizofanya vizuri zaidi zimetoka hapo.

Nisichokitaka pia nikiseme, kwa sababu mtu akisema "boresha" siku hizi watu husikia "ongeza". Sitaki kisomaji kinipendekezee cha kusoma. Sitaki muhtasari ulioandikwa na mashine juu ya muhtasari ulioandikwa na mhariri. Sitaki idadi ya waliopenda. Rafiki yangu mmoja aliniambia bila hivyo vitu vijana hawatakuja. Labda. Lakini tulio nacho tulikikimbilia kwa sababu hakina hivyo vitu, na ukituletea huku tutahamia wapi tena?

Halafu kuna swali la nani atafanya hii kazi. Liferea ni programu huria. Imeandikwa kwa kiasi kikubwa kwa lugha ya C, na wanaoitunza ni watu wachache wanaojitolea muda wao. Hawanidai senti na mimi siwadai kitu. Kwa hiyo kuandika posti ya kulia "kwa nini hamna hiki" bila kushika chochote ni ukosefu wa adabu. C siijui. Nilijaribu wikendi moja nikatoka na kichwa kinagonga. Ninachoweza ni kueleza tatizo vizuri pale wanapopokea maombi, nikiwa na mfano wa faili iliyoachwa na ile hesabu ya mwendo wa mlisho. Hilo nimeshaliandaa, kurasa mbili.

Kingine ninachoweza ni Kiswahili. Menyu kwangu zote ni za Kiingereza, na mama yangu, ambaye angefaidika sana kupata habari za soko la mahindi bila kupitia vikundi kumi vya WhatsApp, akiona hayo maneno anarudisha laptopu. Tafsiri za programu kama hii hukaa kwenye faili ya kawaida ya maandishi: mstari mmoja wa Kiingereza, chini yake unaandika wako. Huhitaji kujua C hata kidogo. Nilianza wiki jana.

Ni kazi tamu na inachosha. Nilikuwa nimechagua "kipengee" kwa kila kitu kinachokuja kwenye mlisho, ndipo nikakutana na zile sentensi za idadi: kipengee 1 hakijasomwa, vipengee 3 havijasomwa. Ni sahihi, lakini hakuna mtu anaongea hivyo. Nikarudi kwa "habari", ambayo haibadiliki umbo: habari 1 haijasomwa, habari 3 hazijasomwa. Skrini ikapumua. "Folda" nimeiacha ilivyo. Lakini "mlisho" wenyewe nilimsomea mama akauliza, "Mlisho wa ng'ombe?" Nikamwambia ndilo neno linalotumika kwenye programu nyingi. Akasema, "Sawa, lakini mimi nikiliona hapo nitatafuta bei ya nyasi."

Kwa hiyo nimekwama hapo, mstari wa 112. Nimefikiria "chanzo", lakini nahofia litagongana na jina la tovuti yenyewe. Nimefikiria "mfereji", binamu akanicheka mara ya pili mwaka huu. Kama una neno ambalo mama yako angelielewa bila kuelezwa, liandike hapa chini kabla ya Jumapili, siku ambayo nataka kuituma hiyo faili.