Vipimo Vingi, Shamba Moja

Wakulima wenzangu, siku hizi shamba moja la mahindi ya kumwagilia laweza kuwa na vipimo vitatu au vinne. Kifaa kilichofukiwa udongoni hutoa habari za unyevu kila dakika 15, yaani mara 96 kwa siku. Kipima-mvua husomwa mara moja, saa 3 asubuhi. Setilaiti za Sentinel-2 hupita kila siku 5, na mawingu yakitanda hazioni kitu. Nawe mwenyewe huchimba kwa jembe kutazama udongo, labda Jumatatu tu.

Je, utaamini kipi? Wengi hujumlisha vyote na kugawanya. Nasema hilo ni kosa kubwa. Kifaa kile, kama udongo umekiachia na hewa imeingia kando yake, kitasema "pakavu" mara 96, na huo ni uwongo mmoja tu uliorudiwa.

Afadhali uweke hesabu ya maji kama ya fedha za duka. Tuseme Jumatatu asubuhi ulipata milimita 60 kwenye mizizi. Jua na mahindi hutumia kama milimita 5 kwa siku, basi Alhamisi asubuhi zimebaki 45. Kipima-mvua chasema usiku imenyesha milimita 8: andika 53. Kifaa nacho chasema 33. Usikitupe, wala usikifuate chote. Ukikiamini robo, punguza robo ya ile tofauti ya 20, uandike 48. Kisha nenda ukakikague, maana 20 si tofauti ndogo.

Kadiri siku zipitavyo tangu uchimbe, hesabu yako huchakaa. Ndipo vipimo vipya vipewe nguvu zaidi. Tena habari iliyochelewa iandikwe siku ilipopimwa. Picha ya Jumanne iliyokufikia Ijumaa ni habari ya Jumanne. Rudi nyuma ukahesabu upya.

Kanuni hii si yangu. Rudolf Kalman aliiandika mwaka 1960, ikatumiwa katika safari za Apollo za mwezini.

Nanyi mnaotumia mfereji mmoja, mwenye kufuata kifaa kibovu hufungulia maji shamba lililokwisha kushiba. Mbolea yake huzama chini ya mizizi, na jirani wa mwisho wa mfereji hukosa zamu. Kwa hiyo sioni sababu ya kikundi kununua vifaa vya bei kubwa, kisha kikose daftari, na mtu mmoja wa kuliandika kila siku akitoka kusoma mvua.