Reli Iliyong'olewa na Baiskeli ya Mchuuzi

Hispania imegeuza zaidi ya kilomita 3,000 za reli zake zilizokufa kuwa njia za baiskeli, kazi iliyoanza mwaka 1993. Mgeni hupita nyandani taratibu, akila na kulala vijijini. Mtwara nayo ilikuwa na reli, iliyojengwa na Waingereza hadi Nachingwea kwa ajili ya mradi wao wa karanga. Mradi ulikufa mwaka 1951. Reli ikang'olewa miaka ya 1960. Tuta lake sisikii likitajwa katika mipango ya utalii wa Kusini, ambayo daima husubiri ndege na hoteli kubwa.

Ilhali Mikindani iko kilomita kumi tu kutoka mjini. Pana Boma la Wajerumani la mwaka 1895, na ndipo Livingstone alipoanzia safari yake ya mwisho mwaka 1866. Ukielekea Msimbati, unapita mikorosho hadi kwenye hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi, karibu na visima vya gesi iliyosababisha ghasia za mwaka 2013. (Hayo nayo mgeni aelezwe, tusimwonyeshe fukwe tu.)

Waendesha baiskeli tunao tayari. Mchuuzi wa samaki hubeba tenga lake alfajiri, akisukumwa mchangani na kila lori linalopiga honi. Halmashauri zinapojadili bajeti za barabara, zianze kwa kumtengea huyu mita mbili za pembeni, kabla ya kuchapisha vipeperushi vya kuwaita Wazungu.