Kipigo Kisichoandikwa: Somo Kutoka Familia za Askari wa Marekani



Ukizungumzia ukatili wa majumbani, swali la kwanza utakaloulizwa ni: matukio mangapi? Jeshi la Marekani, pamoja na mali na kompyuta zake zote, limeshindwa kulijibu kikamilifu kuhusu familia za askari wake.

Mwaka 1999 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria inayolitaka jeshi liweke kumbukumbu za matukio hayo na hatua zilizochukuliwa na makamanda. Mwaka 2002, katika muda wa wiki sita tu, wake wanne wa askari wa kambi ya Fort Bragg waliuawa na waume zao. Mei 2021 ofisi ya ukaguzi ya Bunge ikatoa ripoti yake: kati ya miaka ya fedha 2015 na 2019 jeshi lilithibitisha matukio zaidi ya 40,000, asilimia 74 yakiwa ya kuumizwa mwili. Lakini takwimu za malalamiko yote yaliyopokelewa, na za hatua za makamanda, hazikuwa sahihi wala kamili.

Tatizo liko hapa. Mke akilalamika, kamati hukaa kuamua kama tukio limefikia vigezo. Lisipofikia, halimo katika zile 40,000. Basi ni wangapi waliolalamika wakarudishwa nyumbani?

Mtu asidhani haya ni mambo ya makaratasi tu. Mwaka 2012 mahakama ya kijeshi ilimtia hatiani askari wa Jeshi la Anga kwa kumpiga mkewe na mtoto wa kambo. Taarifa haikupelekwa FBI. Akaachishwa jeshi 2014, akanunua bunduki dukani bila kuzuiwa, na tarehe 5 Novemba 2017 akaua watu 26 kanisani Sutherland Springs, Texas, akihesabiwa na mtoto aliyekuwa tumboni. Mwaka 2021 jaji aliibebesha serikali asilimia 60 ya dhima.

Wapo watakaosema kuandika ni kuanika siri za ndoa. Sivyo. Huko huko Marekani, tangu 2006 mke wa askari anaweza kupata matibabu na ushauri bila kamanda kuambiwa. Kuhesabu tukio si kutangaza jina.

Na sisi je? Kuanzia 2007 Uganda na Burundi zilipeleka askari Somalia, na waliorudi ni waume na baba katika mitaa yetu. Mke akipigwa, mara nyingi huanza kwa wazee na masheikh. Tunasuluhisha, tunamwambia asubiri, hatuandiki kitu. Akirudi mara ya tatu kwa mzee mwingine, anapokewa kama mgeni.

Kila msikiti uwe na daftari linalofungiwa: tarehe, kilichotokea, tulichoamua. Na anayetaka kwenda hospitali au polisi asizuiwe kwa jina la sulhu. Siri ya mja ni amana, lakini uhai wake ni amana kubwa zaidi.